Tunzo za jukwaani na kanuni, ala ya kikundi: jibu kwa katibu wa kikundi cha taarab

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha taarab asilia mjini Tanga. Tuko wanachama 34, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa muziki: tuna walimu, mafundi cherehani, muuza samaki, karani na wastaafu kadhaa. Tunalipa ada ya shilingi 5,000 kwa mwezi na tunafanya mazoezi usiku wa Jumanne na Alhamisi. Mwaka huu mambo yamekwenda kombo. Mwimbaji wetu bora huondoka na tunzo zote, yaani fedha anazopewa na wasikilizaji jukwaani. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ameihamishia kanuni ya kikundi nyumbani kwake, na huenda kupiga nayo hotelini akiwa na wenzake watatu. Mweka hazina, ambaye ametukopesha fedha zake mara mbili, sasa anaamua peke yake tupokee shughuli ipi na tukatae ipi. Kila nikisema tutangulize maslahi ya kikundi, najibiwa kwamba kikundi ni wao. Tufanye nini bila kukivunja?

Jibu:

Ndugu Katibu, kabla sijasema lolote kuhusu utaratibu, naomba uwatazame upya watu hao watatu. Nimeishi katika vikundi vya taarab kwa muda mrefu, kwanza nikiwa mpiga fidla wa safu ya nyuma, kisha katibu kama wewe, na siku hizi nikiitwa kusuluhisha, na karibu katika kila ugomvi niliousikiliza, mlalamikiwa alikuwa mmoja wa wale wanaofika mazoezini mapema na kuondoka mwisho. Asiyekijali kikundi haichukui kanuni akaenda kulala nayo. Huacha tu kuja, na baada ya miezi miwili watu husahau kwamba alikuwa mwenzao. Mwimbaji wako, mpiga kanuni wako na mweka hazina wako wametoa zaidi ya wengi, na kwa kuwa haikupita siku hata moja ambayo kikundi kilikaa kikaandika kipi ni cha mtu na kipi ni cha wote, kila mmoja amejikatia fungu lake kwa kadiri anavyoona linalingana na jasho lake. Kosa lipo, wala sitaki kulipunguza, lakini ni kosa la nyumba isiyo na mipaka kabla ya kuwa kosa la tabia. Ukilianza kama kosa la tabia utavuna matusi, na baada ya matusi utapata kikundi cha pili mtaa wa jirani.

Sasa tuulizane maslahi ya kikundi ni nini hasa, kwa sababu neno hilo hutamkwa kwa wepesi na kila mtu hulivuta upande wake. Mwaka 1905 vijana wa mjini Zanzibar walianzisha chama chao cha muziki, wakakiita Ikhwani Safaa, jina walilolitoa kwa wanazuoni wa Basra wa karne ya 10 walioandika risala 52, mojawapo ikihusu muziki, bila kuziwekea majina yao. Nimelifikiria jina hilo mara nyingi. Vijana wale wangeweza kujiita kwa jina la mtaa wao au la mpigaji wao hodari, nao wakachagua jina la watu waliofanya kazi kubwa na wasijitaje. Mwaka 1958 lilianza kundi jingine, nalo pia halikujiita kwa jina la mtu bali Shime Kuokoana, ambalo leo tunalijua kama Culture Musical Club. Waanzilishi wa Ikhwani Safaa wamekwisha kwenda zamani, na chama chao kingali kinapiga. Kimevuka zaidi ya miaka 100 kwa sababu ala, nyimbo na ujuzi vilibaki chamani vikawasubiri watu ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa.

Kipimo changu nimekipata hapo, na ndicho ninachokushauri ukitumie katika kila jambo uliloniandikia: tendo hili linamwachia nini mtu ambaye bado hajajiunga nasi? Nakisisitiza kwa sababu vipimo vingine hudanganya. Ukipima kwa utulivu, utamlinda mwenye sauti kubwa. Ukipima kwa wingi wa mikono iliyonyooshwa, wanachama 33 wanaweza kumpokonya mwimbaji mmoja haki yake, na huo utakuwa ubinafsi uleule, ila wenye watu wengi. Na wewe na mwenyekiti wako mkipima kwa yale yanayowarahisishia kazi, mtaita maslahi ya kikundi kitu ambacho ni raha ya uongozi tu.

Nianze na tunzo, kwa kuwa ndipo moyo wa ugomvi wenu ulipo. Unaijua hali ilivyo shughulini. Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, imekwisha, mwimbaji amesimama, ameingia ubeti wa pili, na ule ubeti umemgusa mtu. Mama mmoja anainuka kwenye kiti, anajipepea kwa leso, anakuja mbele polepole akiyumba na mdundo, noti ameishika kwa vidole viwili akiiinua juu ili kila mtu aione, anazunguka mara moja mbele ya safu ya fidla, kisha anaiweka mkononi mwa mwimbaji na kumtazama usoni, kama anayesema kwamba maneno hayo ni yake. Mwimbaji hakatishi neno. Nyuma yake wapiga fidla wanarudia jibu lao, mpiga dumbak anashikilia mwendo usipotee, na waitikiaji wanasubiri zamu yao ya kiitikio. Noti ile ni ya nani?

Mwimbaji wako atasema kwamba imewekwa mkononi mwake, naye anasema kweli. Wapigaji watasema kwamba asingeimba ubeti ule peke yake katika ukimya mama yule akainuka, nao pia wanasema kweli. Kuna mtu wa tatu ambaye huwa hatajwi, naye ni mtunzi aliyekaa na kalamu usiku kucha akilitafuta lile neno lililomwinua mama kitini. Mara nyingi hayupo hata ukumbini. Kwa hiyo anayesema tunzo zote ni za mwimbaji amekosea, na anayesema mwimbaji hastahili chochote zaidi ya mpiga rika, ile tari ndogo, amekosea vilevile. Mwimbaji hununua nguo ya jukwaani kwa fedha zake, husukwa, hutiwa hina, na akikosea neno moja aibu yote humwangukia yeye.

Pendekezo langu ni kwamba tunzo zigawanywe mafungu matatu: fungu moja la mwimbaji, fungu moja la wapigaji na waitikiaji wote waliokuwapo usiku ule kwa usawa, na fungu moja la mfuko wa kikundi, ambalo ndani yake mtunzi apewe kitu kila wimbo wake unapopigwa. Mnaweza kuyabadili mafungu hayo kwa makubaliano yenu, lakini usibadili namna ya kuhesabu. Wekeni sinia mbele ya jukwaa. Noti itakayowekwa mkononi mwa mwimbaji aiteremshe kwenye sinia mwisho wa ubeti, kwa heshima, ili aliyetoa asione kwamba zawadi yake imedharauliwa. Shughuli ikiisha, kabla ala hazijapakiwa garini, sinia lihesabiwe chini ya taa mbele ya watu wawili ambao si viongozi, kiasi kiandikwe, watie saini, na mafungu yatoke palepale. Ukiiahirisha hesabu hadi mazoezi ya Jumanne, siku zile za katikati zitajazwa na maneno ya watu. Waungwana wa pwani walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika miaka yangu ya usuluhishi sijaona kikundi kilichokosana juu ya fedha iliyohesabiwa usiku uleule.

Sasa kanuni. Naomba uniwie radhi nikae hapa kidogo, maana jambo hili liliniumiza mwenyewe. Kikundi nilichokuwa katibu wake kilikuwa na kanuni moja, iliyonunuliwa kwa michango ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki nilipojiunga. Mpigaji wetu alikuwa mtu mwema, hodari na mwenye subira. Unajua mwenyewe subira inayotakiwa na ala yenye nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatutatu, ambazo kila utatu lazima uvutwe hadi utoe sauti moja. Nyumba ya mazoezi ilikuwa inavuja, na hewa ya baharini ilikuwa inalegeza ngozi na kufungua gundi, basi akaomba aihifadhi kwake, sisi tukashukuru. Ilikaa kwake miaka mingi, juu ya kabati, imefunikwa kanga. Alipofariki tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, na baada ya arobaini nikaenda na mwenyekiti kuwaomba wanawe kanuni ya kikundi. Walitutazama kwa mshangao wa kweli. Walikuwa wamekua wakiiona kanuni ile chumbani kwa baba yao kila siku ya maisha yao. Kwao ilikuwa ya baba kama kofia yake na tasbihi yake. Wakatuuliza, kwa adabu kabisa, kama tulikuwa na karatasi. Hatukuwa nayo. Sikuweza kuwalaumu wale vijana, na hadi leo siwalaumu. Lakini katika miaka yote ile hakuna hata mtu mmoja aliyejifunza kanuni, kwa sababu huwezi kujifunza ala iliyo juu ya kabati la mtu, na tangu siku ile kikundi kilipiga kwa akodioni mahali pa kanuni hadi kilipofifia.

Ndiyo maana katika mambo yako matatu hili la kanuni ndilo ninaloliona zito zaidi, ingawa nadhani kelele nyingi ni za tunzo. Fedha iliyopotea leo hupatikana kesho. Mpigaji asiye na mwanafunzi akiondoka, huondoka na kanuni hata kama ala yenyewe mmebaki nayo. Usianze, basi, kwa kumnyang'anya. Anza kwa kuandika orodha ya ala zote za kikundi, kila moja na alama zake, mwaka iliopatikana na namna ilivyopatikana, kisha kila anayeitunza mojawapo nyumbani atie saini kwamba anaitunza kwa niaba ya kikundi, na mtu mmoja wa familia yake atie saini kama shahidi. Saini hiyo ya familia ndiyo tuliyoikosa sisi. Orodha isomwe mbele ya wote mara moja kwa mwaka.

Kuhusu hoteli, sioni dhambi. Mtu ana watoto, hotelini kuna malipo, na mgeni anayeisikia kanuni huko amesikia kitu chema. Dhambi ni ala ya wote kuzaa matunda ya watu wanne kimyakimya. Mruhusuni waziwazi, kwa masharti ambayo mimi ningeyaweka hivi: shughuli ya kikundi itangulie ya hoteli siku zikigongana, kikundi kipate ujira wa ala kwa kila usiku inapotoka, kiasi kidogo ambacho kitatosha nyuzi na matengenezo, na, lililo kubwa kuliko yote, mpigaji awe na wanafunzi wawili anaowafundisha saa moja kabla ya kila mazoezi, na kanuni iwepo saa hiyo bila kukosa. Asipokuwa na mwanafunzi, ruhusa ya hoteli isimame. Kama anasema hajui kufundisha, ambalo hutokea kwa wapigaji wengi waliojifunza kwa sikio, mfikirie Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, ambako kanuni, udi na fidla hufundishwa kwa utaratibu. Kumchangia kijana mmoja nauli na ada ya muda mfupi huko ni matumizi bora ya mfuko wenu kuliko sare mpya.

Mweka hazina wako nitamsemea kwa ufupi, kwa kuwa jambo lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mkopo ni mkopo. Aliyekikopesha kikundi anastahili shukrani, anastahili karatasi yenye kiasi na tarehe, na anastahili kulipwa kwa mpangilio unaojulikana. Hastahili kura ya ziada wala neno la mwisho. Tatizo ni kwamba kila mkikawia kumlipa mnampa sababu ya kukalia kiti ambacho hamkumpa. Mlipeni kwanza, hata kama mtaacha kununua chochote kwa miezi mitano, na azimio liandikwe kwamba kuanzia sasa kupokea au kukataa shughuli ni uamuzi wa watu watatu, na jibu lao liandikwe daftarini pamoja na sababu. Ukweli ni kwamba watu wengi wa aina yake huhisi nafuu wanapotuliwa mzigo huo, kwa sababu anayekikopesha kikundi halali usingizi vizuri.

Liko jambo moja hukuniuliza, nalo litakuja: nyimbo. Katika vikundi vyetu wimbo hushikamana na mwimbaji aliyetungiwa, na wenzake huona haya kuuimba. Akihama, je, ule wimbo unahama naye? Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, haki ya kwanza ni ya mtunzi, si ya mwimbaji wala ya kikundi. Waombeni watunzi wenu, wangali hai, barua fupi ya kuwaruhusu kuendelea kuzipiga nyimbo zao, na daftari la mashairi liwe na nakala mbili katika nyumba mbili.

Kuhusu katiba yenu, angalia kama mmesajiliwa, na kama bado, afisa utamaduni wa halmashauri atawaelekeza njia ya Baraza la Sanaa la Taifa. Ila usitegemee katiba uliyonakili kwa kikundi kingine iwatulize watu wako. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaotumia kitu kimoja kwa pamoja, malisho, misitu, maji ya kumwagilia, bahari ya kuvua, na akaona kwamba vitu hivyo hudumu pale ambapo wanaovitumia ndio wanaojitungia sheria, wao wenyewe ndio wanaoangaliana, na adhabu huanza ndogo ikapanda polepole. Hili la mwisho ndilo vikundi vyetu hulikosa. Huwa tuna adhabu mbili tu: kunyamaza na kufukuza. Tunanyamaza mwaka mzima, tukichoka tunafukuza. Wekeni ngazi katikati: kuambiwa faraghani na mtu mmoja, kisha na watu wawili, kisha faini inayolingana na kosa, kisha kukaa nje ya shughuli moja, na baada ya hapo ndipo mkutano mkuu uzungumzie uanachama wa mtu.

Na ngazi hiyo ya kwanza uianze wiki hii, kabla ya mkutano wowote. Mchukue mwanachama mmoja mzee ambaye wote watatu wanamheshimu, nenda naye kwa kila mmoja nyumbani kwake, kaa, kunywa chai, na umweleze utakalolisema mkutanini kabla hajalisikia mbele za watu. Mtu aliyefedheheshwa barazani hawezi kukubali hata jambo lenye faida kwake. Anza na mweka hazina, maana kwake unakwenda na habari njema ya deni lake. Kisha mpiga kanuni. Mwimbaji awe wa mwisho, na umwendee ukiwa na mafungu matatu ya tunzo yameandikwa, aone kwamba la kwanza ni lake.

Kabla ya safari hizo, hata hivyo, kaa na mwenyekiti wako mjiulize ninyi wenyewe mnanufaika na nini. Je, harusi za jamaa zenu zimepigiwa bure? Simu ya kupokea shughuli ni ya nani, na kianzio kinachotumwa kwa simu hiyo huingia lini daftarini? Nani huchagua atakayekwenda kikundi kinapoalikwa mji mwingine? Kama kuna jambo, lisemeni ninyi wa kwanza siku ya mkutano, kwa maneno machache, na mseme mtakavyolirekebisha. Nimeona mikutano iliyokuwa inaelekea kuvunjika ikatulia kwa sababu tu katibu alisimama na kutaja lake kabla ya kutaja la mwingine.

Mwimbaji akikataa yote na kuondoka, muageni vizuri na msimzuie kuimba mahali pengine. Waitikiaji wenu wawili wanaojua nyimbo zake kwa moyo waanze kupewa ubeti mmoja mmoja katika mazoezi, naye akiwa bado yupo, kwa sababu hilo lilipaswa kufanyika hata kama asingekuwa na neno na mtu. Akirudi baada ya mwaka, alipe ada kama wengine na aingie.

Alhamisi hii fika mapema na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza uandike kanuni, alama zake na mwaka wake, na majina ya waliochanga kuinunua, kadiri wazee watakavyoweza kuyakumbuka. Na pembeni ya mstari huo acha nafasi ya majina mawili ya watakaojifunza kuipiga.